Kontrola ya Pili

Kwako kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu zangu kabla hujapokea lawama, maana vyote viwili vimo humu. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama limetulia tangu alipoacha kubishana na ngazi za soko. Mjomba bado anakohoa, na bado anasema si kikohozi, ni koo linajisafisha. Mimi niko kwenye tanuri la mikate kama ulivyoniacha, narudi nyumbani nikiwa mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Hofu yetu ni juu yako tu uliye mbali. Tunaambiwa kidonda kimefunga vizuri, unakula, na asubuhi unatembea bustanini hapo kwenye kituo cha matibabu. Namshukuru Mungu kwa hayo, ingawa ningependa kuyasikia kutoka kinywani mwako.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umeizima. Mwanzoni nilijidanganya kwamba imeisha chaji, kisha nikadhani ni mtandao, kisha nikaacha kujidanganya. Barua haina kitufe cha kuzimia, ndiyo maana nimeichagua. Muuguzi mkuu wa kituo ameniahidi kwamba ataitia mkononi mwako yeye mwenyewe, pamoja na kifurushi. Kifurushi hicho usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Najua umeshakifungua. Basi kirudishe kwenye karatasi yake, ujifanye hujaona, nami nitajifanya sijui.

Niseme kwanza lililotuuma. Muuguzi alimwambia mama kwamba siku ya kuruhusiwa imekaribia, na kwamba umemwomba akutafutie chumba cha kupanga huko huko, kwa sababu nyumbani hutarudi. Alipokuuliza kulikoni, ulimjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse mkono mmoja, na kwamba hutaki kukaa sebuleni kwa mama yako ukilishwa kama kinda. Mama alisikiliza, akashukuru, akakata simu. Kisha akaenda kufagia chumba chako, ambacho alikuwa amekifagia asubuhi ile ile. Mimi nilikasirika, kaka, sikufichi. Kulia nililia baadaye, lakini kwanza nilikasirika, kwa sababu nyumba hii ina watu watatu wanaokungoja na wewe umetuamulia bila kutuuliza.

Hasira zetu unazijua. Wewe ukikasirika unanyamaza, mama anafagia, na mimi hushika jambo nisiliache mpaka liishe. Safari hii nimenunua kompyuta mpakato. Nimeichagua mwenyewe, tena nimeichagua vizuri, na katika barua hii nitajisifu mpaka uchoke, kwa hiyo tafuta mahali pa kukaa.

Si ya kazi wala si ya masomo. Ni ya gemu, zile zile za mashine yetu ya zamani. Unaikumbuka ilivyokuwa uzeeni mwake, haisomi diski mpaka ipigwe kofi ubavuni, na kofi lenyewe lazima liwe la mama? La kwako au la kwangu ilikuwa hailisikii. Siku za mapumziko watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni, viatu vimechanganyika mlangoni, wakikutazama ukiendesha gari jekundu kwenye ile barabara ya mlimani. Kwenye kona za mwisho kila mtu alifunga breki, wewe ukapita. Ndiyo wakakuita Kona, na hata kiwandani jina likakufuata. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, mkaniita Nukta, nikakaa ubavuni pako nimeshika kontrola ya pili, kile kidude cha vitufe cha kuendeshea. Uliniambia tunaendesha gari moja, wewe na mimi. Hilo nitalirudia baadaye.

Sasa nikueleze nilivyoanza. Karibu na duka la dawa pamefunguliwa kibanda cha fundi wa kompyuta, dada mmoja mwembamba ambaye mtaa umempa jina la Bi Skrubu kwa sababu ana skrubu hadi kwenye nywele. Humjui, alikuja baada ya wewe kwenda huko. Nilimpelekea ile mashine yetu nikamwomba aifufue. Aliifungua, akaitazama kwa heshima kama anayetazama maiti, akaifunga. Akasema hiyo imekwenda, lakini gemu zake hazijaenda. Akanieleza kwamba ipo programu inayoitwa emuleta, ambayo kazi yake ni kuifanya kompyuta ijifanye kuwa mashine ile ya zamani. Diski tunazo wenyewe, yeye atazinakili, na gari jekundu litarudi barabarani.

Nikadhani basi, kompyuta yoyote ya bei nafuu itatosha, maana inaigiza kitu kizee. Akacheka. Akasema kujifanya mtu mwingine ni kazi ngumu kuliko kuwa mtu huyo, na kompyuta inayoigiza inahitaji nguvu mara nyingi kuliko ile inayoigizwa. Nitazame prosesa, yaani ubongo wake, kabla ya kitu kingine chochote, na nitazame ni ya zama zipi. Nitazame ram, ile kumbukumbu inayofanyia kazi, na ikiwezekana iwe vipande viwili badala ya kimoja, kwa sababu kwenye mashine za bei ya chini picha zinaazima ram hiyo hiyo. Nitazame kama inapumua, maana isiyo na feni huchoka. Ule ukubwa wa kuhifadhia vitu ambao wauzaji huupigia kelele hautanisaidia kitu, kwani gemu zetu zote, na kelele za mtaa mzima juu yake, zinaenea kwenye flashi. Alinitilia emuleta na ile gemu ya magari kwenye flashi moja, akaniambia nikifika dukani nisiulize kama inaweza, nichomeke nicheze. Kuhusu akiba yangu alikohoa kidogo, akasema mpya nisahau, nitafute zilizotumika maofisini.

Jioni hiyo tukakaa kikao. Mjomba unamjua. Pasi, redio, sufuria, hata tikiti maji, vyote huvipima kwa mkono, na kizito ndicho kizuri. Alitangaza kwamba ataongozana nasi kwa sababu wauzaji wa siku hizi wanauza hewa ndani ya plastiki. Mama yeye alitaka kujua diski itaingilia wapi. Nilipomwambia haitaingia, imeshageuzwa ikawa kitu ndani ya flashi, alinitazama kwa huruma kama mtu aliyetapeliwa. Lakini jina la mpakato alilipenda. Alisema kitu cha kupakatwa kama mtoto hakiwezi kuwa kibaya, na asubuhi yake akavaa viatu vyake vya kutokea.

Duka la kwanza lilikuwa na vioo mpaka dari. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na pale kulikuwa na moja ya rangi ya fedha iliyokuwa ikitembezwa na vijana watatu waliovaa fulana za namna moja. Nyembamba, ungeweza kuipitisha chini ya mlango. Mjomba aliinyanyua kwa vidole viwili, akairudisha pale pale. Nikachomeka flashi. Nisiwe mwongo, ilianza vizuri mno. Gari lilikimbia, mlima ulipendeza, yule muuzaji akaanza kutafuta kitabu cha risiti. Lakini mimi ni mtu wa tanuri, na kwetu mkate hausifiwi unapoingia motoni. Nikaendelea kucheza. Muuzaji akasimama upande mmoja, akahamia upande wa pili, akauliza kama nimeridhika. Nikatia kiganja chini ya tumbo la mashine nikaukuta moto wa mkate unaotoka. Haikuwa na feni. Muda si muda sauti ikaanza kukatika, kisha gari likapunguza mwendo kama linapita kwenye unga uliokandwa. Kijana akanishauri niwe naichezea mahali penye ubaridi. Nikamshukuru, nikachomoa flashi yangu.

Duka la pili nitalipitia haraka kwa heshima ya mjomba. Alikuta humo mashine moja nene, nzito kama tofali, akaipakata, akafumba macho, akasema hii ina kitu ndani. Kweli ilikuwa na kitu ndani, ila cha zamani sana. Prosesa yake ilikuwa ya enzi za babu, na gari jekundu lilipanda mlima kwa mwendo wa msiba. Mjomba alinuna njia nzima. Alisema gemu za siku hizi hazina adabu, nikamkumbusha kwamba gemu ni ile ile ya zamani, akasema basi ndiyo yenyewe.

Tukaenda pale alipotuelekeza Bi Skrubu, nyuma ya duka la kutoa fotokopi, kwenye chumba kilichojaa kompyuta za ofisi zilizopangwa kama mikate rafuni. Muuzaji ni baba mmoja mpole mwenye kalamu sikioni. Hakutuita, alituacha tutazame. Mama akaanza kumhoji kama anayemchumbia mtoto wake: hizi zilikuwa za nani, na mbona wameziacha. Yule baba akaeleza kwamba ofisi imebadilisha zote kwa pamoja, wala hazikuwa na kosa. Mama akamjibu kwamba hata talaka nyingi husimuliwa hivyo hivyo.

Niliichagua moja nyeusi. Ina mkwaruzo mgongoni, na herufi ya M imefutika kwa vidole vya mtu ambaye sijui alikuwa akiandika nini chenye M nyingi hivyo. Nikafungua ule ukurasa wa maelezo alionifundisha Bi Skrubu. Prosesa ilikuwa ya kuridhisha kabisa, mpya kuliko nilivyotarajia. Feni ipo, na matundu yake hayajazibwa. Ram ilikuwa kipande kimoja, lakini nafasi ya pili ilikuwa tupu, na yule baba akakubali kutia kipande kingine kutoka kwenye mashine iliyovunjika kioo. Nikachomeka flashi, nikaanzisha gemu, na kioo kikawa cheusi.

Kaka, ni kawaida, inapakia tu. Ingepakia kidogo ikafunguka. Lakini mama amelea mashine ile nyingine miaka yote hiyo na mkono wake haujasahau. Kabla sijamzuia aliinama akaitandika kofi la ubavu, lile lile, lenye sauti ile ile. Muuzaji alishika kichwa. Kalamu ikaanguka kutoka sikioni. Na papo hapo gemu ikafunguka, muziki ukaanza, gari jekundu hilo mstarini. Mama akakunja mikono, akamwambia yule baba kwa upole, kama anayemfunza kazi:

"Hivyo ndivyo inavyofanywa."

Nilicheza pale mpaka chaja ikapata joto. Mjomba na mama walikaa juu ya maboksi wakinitazama. Feni ilivuma, tumbo likawa na uvuguvugu wa kawaida, sauti haikukatika hata mara moja. Niliongeza ukubwa wa picha, ikavumilia. Nilipoongeza tena ikaanza kutetereka, nikairudisha, nikajua mwisho wa nguvu zake, na kwangu huko ndiko kuijua mashine. Betri yake ni mbovu, sikufichi, haifiki mbali bila umeme, na chaja ina kilemba cha utepe mweusi. Wakati wa kulipa yule baba alipunguza bei bila kuombwa. Alisema amewahi kuona watu wakipima kompyuta kwa njia nyingi, lakini hiyo ya mama ni mpya kwake. Mjomba akaomba aibebe yeye hadi nyumbani, na tulipofika alisema kwa sauti ya kukiri kwamba ina uzito wa wastani lakini wa kweli. Haina uzuri wowote, na nimejivunia nayo kama nimeizaa.

Ule muziki ulipolia sebuleni kwa mara ya kwanza, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Alisimama mpaka mchuzi ukaanza kushika chini, akarudi. Mjomba alisema nyumba ilikuwa imesahau sauti yake.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo. Emuleta inakuruhusu kuvipanga vitufe upya unavyotaka. Kile cha kushoto unaweza kukihamishia kulia, chochote popote. Nikakaa na Bi Skrubu tukahamisha vyote vikawa chini ya mkono wa kulia: usukani kwenye kile kijiti cha kulia, mafuta na breki kwenye vitufe vya begani mwa kontrola, pale juu. Kisha nilitaka kujua kama inawezekana kweli au ni maneno tu. Nikautia mkono wangu wa kushoto kwenye mfuko wa aproni, nikaufunga na kamba ya aproni, maana ulikuwa unatoroka. Kila nikitoka kazini nilikaa hivyo mezani. Mwanzoni nililiangusha gari bondeni mara nyingi hadi nikalizoea bonde. Nilitukana, mjomba akakohoa. Baadaye nikaanza kumaliza mbio. Nimeshawahi kushika nafasi ya tatu, kaka, kwa mkono mmoja, na mimi sijawahi kuwa mchezaji. Sikwambii ni rahisi. Nakwambia nimeona kwa macho yangu kwamba inawezekana.

Siku moja mama alinikuta hivyo. Akauliza mkono una nini, kwa sauti ya hofu, unajua tena siku hizi mkono ukitajwa ndani ya nyumba hii. Nikamwambia hauna kitu, natafuta tu kama njia ipo. Akavuta kiti, akaukalia mkono wake wa kushoto, akanyoosha wa kulia.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha. Aligonga kila kilichogongeka, na alipoliangusha gari bondeni kwa kurudi nyuma, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana, alicheka. Sijamsikia mama akicheka tangu mashine ya kukatia karatasi ilipouchukua mkono wako wa kushoto. Nilicheka naye huku nikilia, na mjomba akaja kuuliza nani amekufa. Nilijivunia mama yangu siku hiyo kuliko nilivyowahi kujivunia mtu yeyote.

Mpango huo wa mkono mmoja nimeuhifadhi kwa jina lako. Lakini upo na mpango wa pili, na huu ndio ulionifanya nichukue kalamu. Emuleta inaweza kupokea kontrola mbili ikazihesabu kuwa mchezaji mmoja. Ya kwanza inashika usukani, ya pili inashika mafuta na breki, na gari ni moja. Tumejaribu hapa. Mama akipewa mafuta anayakanyaga kama anafukuzwa, kona au hakuna kona, tunaishia ukutani. Mjomba alishika breki tangu mstarini, gari halikuondoka, akasema usalama kwanza. Usukani naushika mimi na naushika vizuri. Ninakosa mtu wa mkono wa kulia.

Kaka, ile kontrola ya pili uliyokuwa ukinipa utotoni haikuwa imechomekwa. Najua. Nimejua tangu siku niliyoiweka chini nijikune mguu, na gari likakata kona bila mimi. Mlipokwenda kula nilichungulia nyuma ya kabati la televisheni nikauona waya wake umeviringishwa vizuri, umefungwa kwa uzi. Sikusema. Ningesema, ungeona haya au ungenipa kitu kingine cha kuchezea, na mimi nilitaka kukaa pale ubavuni pako kuliko nilivyotaka kuendesha gari. Sikuwahi kukasirika. Nilibonyeza vitufe vyangu kwa bidii, ukiniambia nimefanya vizuri nikafurahi kweli.

Lakini mtu aliyeshika kontrola isiyochomekwa hana kazi, kaka. Wenzako wote walikuwa wakitazama kioo. Mimi nilikuwa natazama mikono yako, na ninajua kitu ambacho mtaa mzima haukijui, labda hata wewe hukijui. Wote walidhani ufundi wako uko kwenye mkono wa kushoto, kwa sababu ndio ulioshika usukani. Haukuwa huko. Mkono wako wa kushoto ulifanya wanachofanya watu wote, huku na huku, basi. Nimeujifunza na nimeuweza. Kilichokufanya uitwe Kona kilikuwa kidole gumba cha kulia. Ulipokaribia kona hukugusa breki. Ulikiinua kile kidole kidogo tu kutoka kwenye mafuta, kama mtu anayeonja joto la sufuria, ukakirudisha kabla gari halijajua kwamba ulikiondoa. Hicho nimekijaribu kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, nikiwa nimesimama, nikiwa nimepiga magoti. Sijakiweza, na sidhani kama nitakiweza. Kona hakukatwa na mashine yoyote. Yuko mzima kwenye mkono ulioshika karatasi hii.

Ulimwambia muuguzi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, mimi sibishani na wahenga. Lakini wahenga hawakusema kwamba vidole vyote lazima viwe vya mtu mmoja.

Haya, fungua kifurushi. Ndiyo hiyo, kontrola ya pili, yenye kitufe chekundu nilichokitafuna nilipokuwa na meno ya utotoni. Bi Skrubu ameibadilisha kichwa cha waya ili iingie kwenye kompyuta, na ndani ameisafisha. Alisema vitufe vyake ni vipya kabisa, hajawahi kuona kontrola ya umri ule isiyochakaa, na mimi nikanyamaza.

Kompyuta sikuituma, iko hapa mezani. Usidhani nakuhonga. Ukiamua kukaa huko, siku yangu ya mapumziko nitaibeba nikuletee, na ule mpango wa mkono mmoja nitakufundisha mwenyewe, maana mashine ni yako kwa vyovyote vile. Sitakulaumu na sitamruhusu mjomba akulaumu. Lakini ukiniuliza ninachotaka, nataka urudi nyumbani. Hakuna atakayekulisha. Mama ameshasema kwamba mtu mwenye mkono mmoja anaweza kumenya vitunguu akivumilia machozi, kwa hiyo kazi inakungoja.

Mama anakusalimu sana. Anasema chumba chako ni kisafi, jambo ambalo sina shaka nalo. Mjomba naye anakusalimu. Alikipima kifurushi hiki mkononi kabla sijakifunga, akasema ni chepesi lakini kina kitu ndani, na kwa mjomba hiyo ni heshima ambayo hajampa mtu. Bi Skrubu anakusalimu bila kukujua, na anataka kukiona hicho kidole gumba. Nisalimie muuguzi mkuu, umwambie asikutafutie chumba mpaka umenijibu.

Zamani uliniambia tunaendesha gari moja, wewe na mimi, na haikuwa kweli. Sasa inaweza kuwa kweli. Upande wa kushoto wa kompyuta nimeshachomeka kontrola yangu. Tundu la kulia liko tupu. Huo waya ulio mikononi mwako nimeuviringisha na kuufunga kwa uzi, vile vile ulivyouacha wewe. Njoo uuchomeke.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nukta